Naomba mwongozo: kueleza kwa Kiingereza mchoro wa hatua za kiwandani katika IELTS

Kijana wa Rungwe anauliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninajiandaa kwa IELTS Academic, ule mtihani wa kupima Kiingereza, kwa ajili ya maombi ya shahada ya uzamili, na sehemu inayonisumbua ni ile kazi ya kwanza ya kuandika. Grafu na majedwali nimeshayazoea, kwa sababu pale huwa kuna takwimu zinazopanda na kushuka na mtu hakosi la kulinganisha. Shida inaanza ninapopewa mchoro unaoonyesha jinsi bidhaa inavyotengenezwa, ambao hauna cha kulinganisha, bali picha na mishale tu.

Mchoro ninaoufanyia mazoezi sasa ni wa utengenezaji wa chai nyeusi. Kwa kuwa siwezi kuuweka hapa, nitaueleza. Picha ya kwanza ni ya watu wakichuma majani na kuyatia katika vikapu vya mgongoni, na ya pili ni lori linaloyapeleka kiwandani. Kisha majani yametandazwa juu ya wavu mrefu wenye feni chini yake, na pembeni pameandikwa saa 14. Inafuata picha ya rola mbili zenye meno, halafu trei ambazo juu yake majani yanageuka kutoka kijani kuwa kahawia, na pameandikwa dakika 90. Baada ya hapo kuna mashine ya kukaushia iliyoandikwa unyevu asilimia 3, kisha machekeche yanayogawa chai katika madaraja matatu, na mwisho mshale unagawanyika: upande mmoja magunia ya karatasi yanayokwenda mnadani, upande wa pili pakiti ndogo za dukani. Chini ya mchoro, nje ya mstari wa hatua, limechorwa boila la kuni lenye mishale miwili, mmoja unaelekea kwenye wavu na mwingine kwenye mashine ya kukaushia.

Nilichoandika kinaanza hivi: "Firstly, the leaves are plucked. Secondly, the leaves are transported to the factory. Thirdly, the leaves are withered." Kisarufi sioni kosa, lakini maandishi yote yanakwenda kwa mwendo huo huo hadi mwisho, na rafiki yangu aliyekwisha kufanya mtihani ameniambia kwamba kwa uandishi wa namna hii nisitegemee kuvuka alama 6 kati ya 9. Naomba kusaidiwa katika mambo matatu. Kwanza, je, ni lazima kila sentensi iwe ya kutendwa? Pili, lile boila niliweke wapi, ikiwa halimo katika mfululizo wa hatua? Tatu, mimi nimezaliwa katika familia ya wakulima wa chai na ninajua mengi ambayo mchoro hauyaonyeshi. Je, niyaandike ili nionyeshe upeo, au niyaache?

Mwalimu wa Ngaramtoni anajibu:

Ndugu yangu, rafiki yako amekueleza kweli, ingawa hakukupa sababu. Kazi hiyo inasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: jinsi ulivyotimiza ulichoagizwa, mpangilio na mshikamano wa maandishi, utajiri wa msamiati, na upana pamoja na usahihi wa sarufi. Sentensi zako tatu hazina kosa la sarufi, lakini hazionyeshi upana wowote, na mshikamano wake unategemea kuhesabu tu. Ukisoma maelezo ya alama ambayo wenye mtihani wameyaweka wazi kwa umma, utaona kwamba kwenye alama 5 wanamtaja mtu anayeorodhesha vipengele kimoja baada ya kingine kama mashine, ilhali kwenye alama 7 wanataka muhtasari ulio wazi. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na sarufi, jiulize iwapo msomaji ambaye hajauona mchoro angeweza, kwa kusoma sentensi mbili zako za mwanzo, kujua kazi inaanzia wapi, inapitia sehemu ngapi kubwa, na inaishia wapi.

Muhtasari huo uandike mara tu baada ya sentensi ya utangulizi, usiuache hadi mwisho, kwa sababu muda ukikutupa mkono utakuwa umekosa kitu ambacho msahihishaji anakitafuta kuliko vyote. Kwa mchoro wako mimi ningeandika hivi: "Overall, the process has three main phases, beginning with the harvesting of fresh leaves, continuing with a series of treatments in the factory which turn them into dry black tea, and ending with sorting and packing." Ona kwamba humo hamna saa 14, hamna dakika 90, wala asilimia 3. Takwimu zina mahali pake katika aya zinazofuata. Sentensi ya utangulizi nayo usiinakili kutoka kwenye swali, kwani maneno yaliyonakiliwa hayahesabiwi katika yale 150 unayotakiwa kufikisha.

Kuhusu boila, jibu liko katika mishale yenyewe. Boila si hatua, ni chanzo cha joto kinachohudumia hatua mbili, na kwa hiyo halistahili sentensi inayoanza kwa "next" au "then". Lifungamanishe na hatua linazozihudumia: ukifika kwenye wavu, sema kwamba hewa inayopulizwa hupashwa joto na boila la kuni, ukifika kwenye mashine ya kukaushia, sema kwamba joto linatoka kwenye boila lile lile. Ukitaka kumwonyesha msahihishaji kwamba umeuona mchoro wote kwa jumla, ongeza katika muhtasari kipande cha sentensi kinachosema kwamba boila moja hutoa joto kwa hatua mbili. Watahiniwa wengi huliacha kabisa kwa sababu limechorwa pembeni, au hulitupia mwishoni kabisa, baada ya chai kufika dukani, na msomaji anabaki akijiuliza limetokea wapi.

Swali la sentensi za kutendwa nawaachia wenzangu, nikijua wapo wanaoliweza vizuri zaidi.

Fundi wa Kericho anajibu:

Mimi nimefanya kazi katika kiwanda cha chai kwa muda mrefu, upande wa kunyausha, yaani pale kwenye wavu wenye feni, na baadaye upande wa rola, kwa hiyo nitajibu lile swali la tatu.

Usiyaandike. Mchoro wako unaonyesha mikono na vikapu, hauonyeshi kwamba kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi, basi hata kama kila mtoto wa Rungwe na wa Kericho anajua hivyo, katika karatasi ya mtihani jambo hilo halipo. Vivyo hivyo, hutaeleza kwamba majani hunyaushwa ili yalegee na kupunguza maji kabla ya kukatwa, wala hutasema kwamba ile hatua ya trei ambayo kiwandani tunaiita kuchachusha kwa kweli haina uchachu wowote, bali ni utomvu wa jani unaobadilika kwa kukutana na hewa. Wala hakuna anayetaka kusikia kwamba rola za namna hiyo zilianzia mashamba ya Assam katika miaka ya 1930. Ikiwa kwenye mchoro pameandikwa "fermentation", tumia neno hilo hilo bila kulisahihisha, maana mtihani haukuulizi kemia.

Hata hivyo sisemi kwamba ujuzi wako hauna kazi. Kazi yake ni kukuonyesha pa kukata aya. Mtu asiyeijua chai akitazama mchoro wako huenda akagawa pale lori linapofika kiwandani, kwa sababu ndipo mahali panapobadilika, na si vibaya. Lakini sisi tuliosimama pale tunajua kwamba jani likiwa juu ya wavu bado ni jani: limelegea na limepungua uzito, ila ukilishika mkononi unaliona umbo lake zima. Likipita kwenye rola, jani halipo tena. Kinachotoka upande wa pili ni chembechembe za kijani zenye unyevu zinazonata kwenye vidole, na kuanzia dakika hiyo saa inahesabiwa, kwa sababu mabadiliko ya rangi yameshaanza na hayarudi nyuma. Kwa hiyo aya ya kwanza ya maelezo ningeimalizia kwenye kunyausha, na ya pili ningeianza na rola. Msahihishaji hatajua ni kwa nini umekata hapo, lakini ataona kwamba aya zako zimegawanyika penye mgawanyiko wa kweli, nawe hujaongeza hata neno moja lisilomo kwenye mchoro.

Jambo moja zaidi kuhusu magunia na pakiti. Ule mshale unaogawanyika mwishoni haumaanishi kwamba kwanza chai hupelekwa mnadani kisha dukani. Ni njia mbili zinazokwenda sambamba, na nimewahi kusoma maandishi ya vijana walioziandika kama hatua ya nane na ya tisa.

Mfasiri wa Unguja anajibu:

Assalaam alaykum. Naomba niingie katika suala la kutendwa, kwa kuwa naona mara nyingi Waswahili tunafundishwa jambo hili kana kwamba ni geni kwetu, ilhali Kiswahili kina zana zake kamili.

Tuanze na wakati wa kitenzi. Mwanafunzi akiitazama picha ya watu wanaochuma, akili yake humwambia "wanachuma", naye akaandika "the leaves are being plucked", kama mtu anayetangaza mpira. Mchoro wa kiwandani hausimulii kinachotokea sasa hivi, unaeleza kinachofanyika kila mara, na kwa hilo sisi tuna kiambishi hu-. Majani huchumwa, hupelekwa, hunyaushwa. Kila unapoona kwamba Kiswahili kizuri kingetumia hu-, Kiingereza kinataka wakati uliopo ulio sahili, "are plucked", "are taken", na ukishaushika hautaubadilisha hadi mwisho wa maandishi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: la, si kila sentensi iwe ya kutendwa, na lugha yetu inakuonyesha mpaka uko wapi. Tunasema majani hunyaushwa tukimfikiria mtu au mashine inayofanya kazi hiyo, na tunasema majani hunyauka tukifikiria kinacholipata jani lenyewe. Hukaushwa na hukauka, hupozwa na hupoa, hugeuzwa na hugeuka, ni mtengano huo huo. Katika mchoro wako, kila penye mkono wa mtu au mashine pana kutendwa: huchumwa, hukatwa, huchekechwa, hufungwa. Lakini kwenye trei hakuna anayeyapaka majani rangi; hugeuka yenyewe kuwa ya kahawia, na Kiingereza nacho husema "they turn brown", bila kutendwa kokote. Wapo watahiniwa ambao kwa kuogopa wanaandika "they are turned brown", na sentensi inakuwa nzito bila sababu. Mashine nayo inaweza kuwa mtenda pale unapotaka kubadilisha mwendo: "a fan blows warm air through the leaves" ni sentensi safi, na inampumzisha msomaji baada ya tatu nne za kutendwa.

La tatu ni kiima. Sisi hatuwezi kusema "majani hayo, ambayo yanatandazwa" bila ya- kukaa ndani ya kitenzi, na ile ya- ndiyo inayotufuata hadi kwenye Kiingereza na kutuandikisha "the leaves, which they are spread". Ukishaandika "which", kiima umekwisha kukitaja, kwa hiyo "they" inazidi.

Wengine hupendekeza mtahiniwa aandike kwanza rasimu ya Kiswahili. Mimi, ambaye kutafsiri ndiyo kazi yangu, siungi mkono. Muda unaopendekezwa ni dakika 20 kwa kazi hiyo ya kwanza, na ile ya pili, ya maneno 250, ina uzito maradufu. Andika pembeni vitenzi vyako saba au vinane vya Kiingereza kwa mpangilio wa mishale, na chini ya kila kimoja weka takwimu yake, kisha anza.

Kijana wa Rungwe:

Nawashukuru sana. Mwalimu, Fundi na Mfasiri, shikamooni nyote. Nimejaribu kuandika upya aya ya pili kwa kufuata mlivyosema, nikiianzia kwenye rola kama Fundi alivyoshauri. Naomba mnisomee:

"After withering for 14 hours, rollers cut the leaves into small pieces. The pieces are spread on trays for 90 minutes, where they turn brown. Then hot air from the same boiler dries them and their moisture is reduced by 3 per cent."

Nina swali pia kuhusu michoro ya vitu nisivyovijua. Nikipewa saruji badala ya chai, sitakuwa na ujuzi wa Fundi wa kunionyesha pa kukata aya.

Mwalimu wa Ngaramtoni:

Marahaba. Hatua uliyopiga ni kubwa. Mwendo umebadilika, "they turn brown" imekaa mahali pake, na "the same boiler" inamwambia msahihishaji kwamba boila ulikwisha kulitaja katika aya ya kwanza, kwa hiyo hakikisha kweli umelitaja. Yapo mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza ni kile kipande cha mwanzo. Ulivyoandika, walionyauka kwa saa 14 ni rola, kwa sababu katika Kiingereza maneno hayo ya mwanzo hushikamana na kiima kinachofuata mara moja, na kiima chako ni "rollers". Weka majani yawe kiima na tatizo linakwisha: "After being withered for 14 hours, the leaves are cut into small pieces by rollers." Ungeweza hata kuiacha "after withering", mradi kiima kiwe majani, kwa kuwa hapo kitenzi hicho kinakubali maana zote mbili alizozitaja Mfasiri. Kosa hili halionekani kwa urahisi, maana anayeandika anajua alichokikusudia, na ndiyo sababu ninawaambia wanafunzi wangu watumie dakika mbili za mwisho kukagua kila sentensi inayoanza kwa "after" au "before".

La pili linageuza maana kabisa. Kupunguza unyevu "by 3 per cent" ni kuondoa kidogo sana na kuacha chai ikiwa bado mbichi. Mchoro unasema unyevu unabaki asilimia 3, na hapo ni "to 3 per cent". Ningeiunganisha hivi: "These are spread on trays for 90 minutes until they turn brown, before being dried with hot air from the same boiler, which reduces their moisture content to 3 per cent." Sentensi moja imebeba hatua mbili, takwimu mbili na boila, na bado inasomeka.

Kuhusu saruji, usitafute ujuzi, tafuta mahali ambapo kitu kinabadilika jina. Katika chai, Fundi alikuonyesha pale ambapo majani yanakuwa chembechembe. Katika michoro ya saruji, mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi husagwa na kuchanganywa yakawa unga, unga huo huingia katika tanuru linalozunguka, na kinachotoka kina jina jipya kabisa, klinka, ambayo baadaye husagwa pamoja na jasi. Kwa mtu asiyewahi kukanyaga kiwanda cha saruji, maandishi kwenye mchoro yenyewe yanatosha kumwonyesha kwamba kabla ya tanuru ni malighafi na baada ya tanuru ni kitu kingine. Mabadiliko hayo ya majina yatakusaidia pia kuepuka kurudia "the leaves" mara nane, kwa kuwa kila hatua kubwa inakupa nomino mpya iliyo halali.

Fundi wa Kericho:

Mwalimu amesema sawasawa kuhusu asilimia 3. Chai ikitoka kwenye mashine ya kukaushia ikiwa na unyevu mwingi huota ukungu ndani ya magunia kabla haijafika Mombasa. Kijana, ungeandika hivyo kwenye ripoti ya zamu, msimamizi angekuita ofisini.

Kijana wa Rungwe:

Nimeelewa, na nimeshairekebisha. La mwisho: je, nihitimishe kwa sentensi ya kufungia, kwa mfano kusema kwamba utengenezaji wa chai ni kazi ndefu inayohitaji uangalifu?

Mfasiri wa Unguja:

Hapana. Hayo ni maoni, na kazi hii haikuombi maoni. Ukishafungasha magunia ya mnada na pakiti za dukani, weka nukta, hesabu kama umevuka maneno 150, kisha nenda kwenye kazi ya pili. Ukifanya mtihani kwa kompyuta, idadi ya maneno utaiona chini ya ulichoandika. Ukifanya kwa karatasi, jizoeze tangu sasa kujua mistari mingapi ya mwandiko wako hutimiza maneno hayo, usije ukapoteza muda kuhesabu neno moja moja.